Simu imekalia kiti cha nani?

Swali: "Nina miaka 27 na ninaishi na mdogo wangu wa kike wa miaka 14. Tangu apate simu yake mwaka jana amekuwa mtu mwingine. Halali mapema. Alikuwa akichora kila siku, sasa daftari la michoro halifunguliwi. Ukimwita anaitika bila kuinua macho. Wiki iliyopita nilimkuta analia saa saba usiku, simu iko kifuani. Nilipomuuliza akasema 'hakuna kitu'. Mjomba anasema nimnyang'anye simu. Rafiki yangu ambaye ni mwalimu anasema ni ujana tu, utapita. Na mimi mwenyewe hulala na simu mkononi, sasa nitamkataza kwa uso gani? Naomba unijibu: ni kweli mitandao ya kijamii inawaharibu vijana? Na mtoto wa umri huu anafaa kukaa humo saa ngapi kwa siku?"

Jibu:

Mwanangu, nitaanza na yale machozi ya saa saba usiku. Maswali yako mengine yanaweza kungoja, hilo halingoji.

Kwa miaka niliyokaa na vijana kwenye chumba cha ushauri, machozi ya usiku yenye simu pembeni mara nyingi yametokana na jambo moja kati ya matatu. La kwanza, kundi limemsahau au limemtoa: wenzake wako mahali pamoja, picha zinamiminika, yeye hakuambiwa. La pili, kuna kitu kimeandikwa au kimepostiwa kumhusu. La tatu ndilo linalonitia hofu: kuna mtu anamtisha. Mtindo wake unajirudia mno. Mtu asiyemfahamu hujitambulisha kama kijana wa rika lake, huzungumza naye kwa upole siku kadhaa, pengine saa chache tu, kisha humwomba picha ambayo hakupaswa kuituma kwa yeyote. Picha ikishafika, upole unakwisha. Tuma pesa, au tuma nyingine, la sivyo nawapelekea rafiki zako wote, na majina yao haya hapa. Wavulana hudaiwa pesa zaidi, wasichana hudaiwa picha zaidi.

Sisemi ndilo lililompata mdogo wako. Huenda ni lile la kwanza, ambalo ni la kawaida kabisa na bado linauma. Lakini mlango lazima uufungue wewe, kwa sababu yeye hataufungua. Mwambie maneno kama haya, na uyaseme ukiwa unafanya kitu kingine, macho yako yasiwe usoni mwake: "Kukitokea jambo lolote humo ndani, hata kama ni wewe uliyekosea, hata kama umetuma kitu unachokionea aibu, njoo kwangu. Sitakugombeza na sitakunyang'anya simu." Hilo la kutonyang'anya simu ndilo zito kuliko yote. Watoto wengi niliowaona walinyamaza wiki nzima, wengine miezi, wakihesabu kwamba kumwambia mkubwa maana yake ni kupoteza simu, na simu ndiko marafiki wote waliko. Wakachagua kubaki na mtesi wao.

Ikigundulika kwamba kweli anatishwa: msilipe, maana anayelipa mara moja hurudiwa. Msifute mazungumzo. Pigeni picha za skrini zinazoonyesha jina la akaunti na vitisho vyenyewe, mfungieni mtu huyo, ripotini kwenye mtandao husika na polisi. Kama kuna picha iliyokwisha kutumwa, ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa mwaka 2023 na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Haikuombi uipakie picha. Inatengeneza alama yake ya kidijitali humo humo kwenye simu, kisha alama hiyo hupelekwa kwa mitandao iliyojiunga, zikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, ili picha ikitokea huko itambuliwe na iondolewe. Ni kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Na kama katika mazungumzo yenu atataja kujiumiza au kutotaka kuishi, usimwache peke yake usiku huo, na asubuhi muwe kwa daktari.

Sasa swali lako kubwa. Je, mitandao inawaharibu vijana?

Watakaokujibu "ndiyo" kwa ukali na watakaokujibu "hapana" kwa ukali wote wana utafiti wa kukuonyesha. Mwaka 2019 watafiti Amy Orben na Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Uingereza na Marekani. Walikuta kwamba matumizi ya vifaa vya kidijitali yanaeleza kiasi kisichozidi asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wa vijana. Kwa mzaha wa kisomi walionyesha kwamba hata kula viazi kuna uhusiano unaokaribiana na huo. Wazazi waliochoka wakashusha pumzi. Kisha mwaka 2023 daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Vivek Murthy, akatoa tahadhari rasmi: vijana wanaokaa mitandaoni zaidi ya saa 3 kwa siku wana hatari maradufu ya dalili za sonona na wasiwasi uliopitiliza. Wazazi wakashtuka tena. Wachache waliuliza kipi kilitangulia, maana kijana mwenye huzuni naye hukimbilia simu.

Mimi ninaamini zaidi utafiti mdogo uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2020. Watafiti hawakutafuta wastani. Waliwafuata vijana 63 mmoja mmoja, wakawauliza mara kadhaa kwa siku wanajisikiaje baada ya kuperuzi tu machapisho ya wengine. Asilimia 46 walijisikia vizuri zaidi, asilimia 44 hawakubadilika, asilimia 10 walijisikia vibaya. Ukichanganya maji ya moto na ya barafu unapata vuguvugu, lakini vuguvugu hilo halikuonyeshi nani aliyepewa ya barafu. Hao asilimia 10 ndio wanaokuja kuketi mbele yangu, na wastani hauwaoni.

Zipo pia nyaraka za kampuni zenyewe. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa nje karatasi za utafiti wa ndani. Mojawapo ilisema Instagram huzidisha hali ya kutoridhika na mwili kwa msichana mmoja kati ya watatu. Kampuni ikajibu kwamba katika matatizo mengine mengi, wasichana waliosema iliwasaidia walikuwa wengi kuliko waliosema iliwaumiza. Pande zote mbili zilikuwa zinasoma karatasi zile zile. Kwangu mimi hapo hakuna kinachogongana: mtandao mmoja unaweza kumfaa binti siku anapohitaji mtu wa kuongea naye, na ukamuumiza jioni hiyo hiyo anapojitazama kwenye kioo.

Kuna jambo moja linalokuhusu moja kwa moja kwa sababu ya umri wa mdogo wako. Mwaka 2022 Orben huyo huyo na wenzake walionyesha, kwa takwimu za Uingereza, kwamba kuna vipindi ambapo matumizi makubwa hufuatiwa na kushuka kwa kuridhika na maisha mwaka mmoja baadaye. Kwa wasichana ni miaka 11 hadi 13. Kwa wavulana ni 14 hadi 15. Kisha wote tena wakiwa na 19, umri ambao wengi huhama nyumbani. Mdogo wako alipewa simu ukingoni mwa kipindi hicho. Usijilaumu. Nakwambia ili ujue kwamba uzito unaouona si wa kubuni, na kwamba hautakuwa hivyo miaka yote.

Saa ngapi kwa siku? Sitakupa namba.

Nimewahi kukutana na wasichana wawili, wote wa saa tatu kwa siku ukitazama hesabu ya simu zao. Mmoja alizitumia kukata na kuunganisha video na rafiki zake watatu, wakigombana kuhusu muziki wa kuweka, wakicheka mpaka mama yake anagonga ukuta. Mwingine alizitumia kutazama nyuso. Nyuso tu, moja baada ya nyingine, za wasichana asiowajua. Saa zilikuwa sawa, lakini wa kwanza hakuhitaji kuja kwangu. Ndiyo maana mzazi au mlezi akiniuliza kuhusu saa, mimi humuuliza: hiyo simu imekalia kiti cha nani? Kila saa iliyoko kwenye skrini ilikuwa na mwenyewe kabla. Ilikuwa ya usingizi, ya rafiki, ya daftari la michoro, ya kukaa bure ukitazama dari. Kama ilikuwa ya kutazama dari, basi. Kama ilikuwa ya usingizi, hapo tuna kesi.

Katika barua yako viti vilivyokaliwa ni viwili, na wewe mwenyewe umevitaja bila kujua.

Kiti cha kwanza ni usingizi. Mtoto wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku. Tatizo ni kwamba katika balehe saa ya mwili husogea mbele: homoni ya melatonini, inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huchelewa kupanda. Kwa hiyo hata bila simu mdogo wako asingesinzia saa tatu kama zamani. Shule nayo haijasogeza kengele yake. Pengo hilo katikati, kati ya usingizi usiokuja na asubuhi isiyosubiri, ndilo simu ililolikalia. Watu husema sana kuhusu mwanga wa skrini. Una mchango, ila mdogo kuliko unavyosifiwa. Kinachomfanya akeshe ni kungoja.

Hebu ukae pale kitandani naye kidogo. Saa tano usiku, kundi la wenzake kumi na moja linaongea. Mmoja ametupa utani, mwingine amejibu kwa stika, jina la mtu limetajwa nusu. Anayelala sasa ataamka akute meseji mia na arobaini, na shuleni kila mtu atakuwa anacheka kitu ambacho yeye hakijui. Akiuliza ataambiwa "ungekuwepo". Wakubwa huita huo upuuzi. Katika umri wa miaka 14, kuwa nje ya kicheko cha kundi ni adhabu halisi, na mtoto anayekesha kuikwepa anapiga hesabu yenye akili, ila bei yake ni usingizi. Ndiyo maana ukimwambia "zima simu ulale" anakutazama kama uliyemwambia aondoke mjini.

Dawa ninayoipenda hapa ni ya kizamani. Simu zote za nyumba hiyo, yako ikiwemo, zinalala sebuleni zikichajiwa, na chumbani inaingia saa ya mezani yenye kengele. Zingatia "zote". Hapo ndipo swali lako la uso gani linapata jibu. Ukimnyang'anya yeye, umempa adhabu, na adhabu hutafutiwa njia ya kuikwepa. Simu za wote zikilala nje, huo ni utaratibu wa nyumba, na yeye anapata kitu cha thamani kubwa kwa wenzake: kisingizio. "Dada yangu ni mkorofi, simu zinakusanywa saa tatu na nusu." Usicheke. Nimeona vijana wakishusha mabega kwa kupewa tu mtu wa kumsingizia. Kubali uitwe mkorofi.

Wala usijifanye mtakatifu. Mwambie wazi kwamba na wewe umeshindwa kuiacha usiku, tujaribu wote wawili tuone nani ataanza kulalamika. Nina hakika ni wewe.

Kabla sijaenda kwenye kiti cha pili, naomba ujue kwa nini mmeshindwa wote wawili, maana ukidhani ni udhaifu wa tabia utamhukumu bure. Zamani ukurasa wa mtandao ulikuwa na mwisho, unafika chini unabonyeza "unaofuata". Mwaka 2006 mbunifu mmoja, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho, unaojijaza kadiri unavyosogeza kidole, na baadaye amesema hadharani kwamba anajuta. Kile kituo kidogo cha kubonyeza kilikuwa nafasi ya kujiuliza "naendelea?", nacho kiliondolewa. Mwaka 2009 Facebook ikaleta kitufe cha kulaiki, na tangu hapo kila neno la kijana likawa na namba chini yake inayoonekana na wote. Ongeza arifa zinazokuja bila ratiba. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha katikati ya karne iliyopita kwamba njiwa anayepewa chakula bila mpangilio, pengine sasa, pengine baadaye, hudonoa kitufe kwa ukaidi mkubwa kuliko anayepewa kwa hesabu inayojulikana. Ukivuta skrini chini kuona kama kuna jipya, ndio mdonoo wenyewe.

Kwa kijana nguvu hiyo inaongezeka. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA) waliwaweka vijana 32 ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo wakiwaonyesha picha kama zilivyo Instagram. Walipoona picha zao wenyewe zenye laiki nyingi, sehemu ya ubongo inayohusika na raha ya kuzawadiwa ilichangamka. Na walielekea kulaiki picha yoyote iliyokuwa na laiki nyingi tayari, hata zile za kuvuta sigara na kunywa pombe. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosema "ngoja kwanza", huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Wewe una miaka 27, breki zako zimekamilika, na bado unalala na simu mkononi. Mfikirie yeye.

Jambo jingine ambalo vijana wenyewe hawalijui, na ukiwaeleza hushtuka: video fupi hazingoji ulaiki. Mfumo unapima kidole kilisimama wapi na kwa muda gani. Binti akiwa na huzuni akasimama kwenye video ya huzuni kwa sekunde kumi na mbili, hajasema neno, ameshajibu. Atapewa nyingine. Baada ya siku chache ukurasa wake wote unalia. Yeye anadhani dunia ndivyo ilivyo. Mwaka 2022 ofisa wa Uingereza anayechunguza vifo aliamua kwamba kifo cha msichana wa miaka 14 kilichangiwa na mambo ya kujiumiza ambayo mitandao ilikuwa imemletea, mengine bila yeye kuyatafuta. Kwa hiyo siku moja mwombe mdogo wako mkae pamoja aperuzi dakika tano nawe ukitazama tu. Usitoe maoni. Utaona mfumo unamdhania ni nani. Kama ni miili na vilio mfululizo, mfundishe kubonyeza sehemu ya kusema hapendezwi na video hiyo, na TikTok na Instagram zote zina mahali pa kufuta mapendekezo na kuanza upya. Haichukui dakika moja, na nimeona ikibadilisha wiki ya mtu.

Kiti cha pili, daftari la michoro. Hapa ninakisia, wewe utathibitisha. Watu wengi wangesema ameacha kuchora kwa sababu muda umeliwa. Inawezekana. Lakini kwa watoto wenye kipaji nimekutana zaidi na sababu nyingine. Mtoto anachora, anapenda kuchora, anaanza kufuatilia wachoraji mitandaoni. Anaona mchoro uliochukua saa thelathini ukikamilika kwa sekunde thelathini, bila kifutio hata kimoja. Anarudi kwenye daftari lake, anaona mkono wa mtoto wa miaka 14. Anafunga. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba binadamu hujipima kwa kujilinganisha na wenzake, hasa wale anaowaona wanakaribiana naye. Zamani wenzake walikuwa darasa moja, na darasani kwao pengine yeye ndiye aliyekuwa mchoraji wao. Sasa darasa ni dunia nzima, na dunia imechagua kuonyesha kazi zake bora.

Na picha za uso ni hivyo hivyo, ila kwa uchungu zaidi, kwa sababu mchoro unaweza kuuweka kando. Msichana mmoja wa miaka 15 alikuwa na desturi: anaposti picha, anakaa na simu dakika ishirini, laiki zisipofika idadi aliyojiwekea anaifuta. Alikuwa ameshafuta nyingi mno. Tukaongea sana kuhusu idadi, ni ngapi zinatosha, kwa nini hizo. Haikutufikisha popote. Siku moja nikamuuliza, "Katika dakika ishirini zile, unamngoja nani?" Akanyamaza. Akasema jina moja. Rafiki yake wa zamani, ambaye waliacha kuongea bila kugombana. Laiki mia mbili za wengine hazikuwa na kazi yoyote. Tangu hapo siulizi tena ni ngapi.

Kuhusu mjomba wako. Namwelewa, na wapo watoto ambao simu inapaswa kuondoka mikononi mwao kwa muda. Lakini kunyang'anya kabisa, ghafla, kwa kijana ambaye urafiki wake wote uko humo, mara nyingi huzaa simu ya kuazima na akaunti ya pili usiyoijua. Majaribio yaliyoonyesha faida yalikuwa ya kupunguza au kuacha kwa muda, tena kwa watu waliokubali wenyewe. Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 2018 kiliwagawa wanafunzi 143: waliowekewa kikomo cha dakika 10 kwa kila mtandao, yaani nusu saa kwa siku kwenye mitandao mitatu, walikuwa na upweke na dalili za sonona pungufu baada ya wiki tatu. Na watu wazima wa Marekani waliolipwa kufunga Facebook kwa wiki nne mwaka 2018 walipata kama saa moja zaidi kwa siku na furaha iliyoongezeka kidogo. Kidogo, siyo muujiza. Mwambie mjomba hivyo kwa heshima zake.

Akikuambia serikali zenyewe zinakataza, naye yuko sahihi kwa sehemu. Australia ilipitisha sheria Novemba 2024, ikaanza kazi tarehe 10 Desemba 2025: walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti kwenye mitandao mikubwa. Faini yake, hadi dola za Australia milioni 49.5, inawapata wenye mitandao, haimgusi mtoto wala mlezi. Hapo ndipo ninapoipenda, inaweka mzigo kwa aliyetengeneza mtego. Na kwa kuwa wengi huamini umri wa miaka 13 unaoulizwa ukifungua akaunti ulipimwa na madaktari: haukupimwa. Ulitoka kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayolinda taarifa za watoto zisikusanywe na kampuni bila ruhusa ya wazazi. Hakuna aliyekuwa anawaza kuhusu ubongo. Facebook yenyewe ilianza mwaka 2004.

Rafiki yako mwalimu naye ana ukweli wake. Kujifungia, kuitika bila kuinua macho, kununa, vilikuwepo kabla ya simu. Tofauti naitafuta kwenye mambo yaliyobaki: bado anakula? Bado kuna rafiki mmoja anayekuja nyumbani? Akicheka anacheka kweli? Yakiwepo hayo, mpe mwalimu pointi zake. Yakiwa yanapotea moja moja kwa zaidi ya wiki mbili, usingoje upite.

Pia usiende kwake kana kwamba humo ndani hamna chochote chema. Nina kijana mwenye kigugumizi ambaye alipata marafiki wake wa kwanza kwa kuandika, kwa sababu huko hakuna anayemmalizia sentensi. Muulize mdogo wako anampenda nani humo na kwa nini, na usikilize jibu hata likiwa refu.

Wiki hii fanya mawili tu. Nunua saa ya kengele. Kisha jioni moja, mkiwa mnakunja nguo au mnaosha vyombo, mwambie yale maneno ya mwanzo, na umuulize kuhusu daftari. Usimuulize "mbona huchori siku hizi", hiyo ni lawama yenye alama ya kuuliza. Mwambie umeukumbuka mchoro fulani wa zamani, uutaje, uulize uko wapi. Huenda akasema tena "hakuna kitu" au "sijui". Endelea kukunja nguo. Wengi wao hurudi na jibu baada ya siku mbili tatu, wakiwa wamesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, wakijifanya wamekuja kutafuta chaja.